Knights of Columbus katika Historia ya Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yanaulizwa tena na tena na Wakatoliki, wanafunzi wa historia na Waafrika Mashariki waliohamia Marekani wakakuta jina hili kwenye ubao wa matangazo wa parokia. Jibu lililo refu kwingine halirudiwi; tumeweka namba ya swali la kutazama.

## Mwanzo na mfuko

1. Knights of Columbus ni chama cha aina gani?

Ni chama cha kidugu cha wanaume Wakatoliki, kilichoanzishwa mjini New Haven, jimbo la Connecticut, mwaka 1882. Ukitaka kukielewa haraka, fikiria chama cha kufa na kuzikana kilichokua mpaka kikawa kampuni kubwa ya bima ya maisha, lakini kikabaki na vikao vyake, viongozi wake wa kuchaguliwa na kazi za huruma parokiani. Leo kina wanachama zaidi ya milioni 2, na bima zake zinazidi thamani ya dola bilioni 100.

Si shirika la kitawa, kwa hiyo wanachama hawaweki nadhiri. Wengi ni walei wenye ndoa. Si nishani ya Papa, wala si Knights of Malta, ambao asili yao ni Yerusalemu ya karne ya 11. Makala nyingi huanza na panga na kofia za manyoya za gwaride. Tunaona hapo siyo pa kuanzia. Pa kuanzia ni fedha ya mjane, kwa sababu bila mfuko ule chama kisingekuwa na nguvu ya kufanya lolote kati ya yale yanayofuata hapa chini.

2. Nani alikianzisha, na alisukumwa na nini?

Padre Michael McGivney, paroko msaidizi wa kanisa la St. Mary's, New Haven. Alizaliwa tarehe 12 Agosti 1852 mjini Waterbury, mtoto wa kwanza wa wahamiaji wa Ireland. Baba yake alifanya kazi katika kiwanda cha shaba. Baba huyo alifariki mwaka 1873 Michael akiwa seminarini, ikabidi arudi nyumbani kwa mama na wadogo zake. Baadaye alimalizia masomo Baltimore, akapewa upadrisho Desemba 1877.

Wafanyakazi wa viwandani walikufa mapema, na mjane asiye na kipato aliweza kunyang'anywa watoto na mahakama. Mwanzoni mwa 1882 McGivney mwenyewe alisimama katika mahakama ya mirathi kuwa mlezi wa kisheria wa kijana aitwaye Alfred Downes, aliyefiwa na baba. Wakati huohuo alikuwa ameshaanza kutafuta dawa ya kudumu. Tarehe 2 Oktoba 1881 alikutana na kundi la wanaume katika chumba cha chini ya kanisa. Akasafiri hadi Boston na Brooklyn kuangalia vyama vya Kikatoliki vilivyokuwapo, akitumaini New Haven ingekuwa tawi tu. Haikuwezekana, maana hati ya wale wa Massachusetts, jimbo la Boston, haikuwaruhusu kuvuka mipaka ya jimbo lao. Ndipo wakaunda chama chao, na bunge la Connecticut likakipa hati tarehe 29 Machi 1882.

McGivney alifariki kwa homa ya mapafu tarehe 14 Agosti 1890, akiwa na miaka 38.

3. Kwa nini walichagua jina la Columbus?

Waasisi wengi walikuwa na asili ya Ireland, na Columbus alikuwa Mtaliano. Hawakuwa wakitafuta ndugu wa damu. Walitaka kuwajibu majirani Waprotestanti waliowaambia kwamba Mkatoliki ni mgeni katika nchi hii: Mzungu ambaye kila mtoto wa shule alifundishwa kumheshimu kama mfunguzi wa bara hili alikuwa Mkatoliki. McGivney alipendekeza "Sons of Columbus". James Mullen, askari wa zamani wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe ambaye baadaye alikuwa mkuu wa kwanza wa chama, ndiye aliyetaka neno "Knights", yaani mashujaa wa upanga wa zama za kale. Jina hilohilo leo lina ubishi mwingine. Tazama swali la 11.

4. Mfuko wa mwanzo ulifanyaje kazi, na kasoro yake ilikuwa nini?

Mwanachama akifariki, kila aliyebaki alitoa dola 1, na lengo lilikuwa mjane apate dola 1,000. Wanachama walipopita 1,000, mchango wa kila mtu ulishuka kadiri idadi ilivyopanda: wakiwa 2,000, senti 50 zilitosha kwa kila msiba. Aliyeugua asiweze kufanya kazi alilipwa hadi dola 5 kwa wiki kwa muda wa wiki 13. Baada ya hapo baraza lake, yaani tawi lake la mahali, liliamua limsaidie kwa kiasi gani.

Kasoro ilikuwa katika usawa wenyewe. Mwenye miaka 20 na mwenye miaka 45 walitoa sawa. Aliyejiunga kijana angechangia misiba kwa miaka mingi kuliko aliyejiunga akiwa mzee, na wote wangepata dola zilezile 1,000. Mfumo wa namna hii unakwenda vizuri chama kikiwa kichanga. Kikizeeka misiba huongezeka, michango hupanda, vijana huona hasara na kuondoka, na wanaobaki ni wazee wanaozikana wenyewe. Vyama vingi vya kidugu vya Marekani vilikufa kifo hicho. Knights of Columbus walinusurika kwa sababu walibadilika mapema: mwanzoni mwa karne ya 20 walihamia kwenye viwango vinavyofuata umri, yaani bima ya kihesabu badala ya rambirambi.

Kabla ya hapo, katika miaka ya 1890, walikuwa wameruhusu wanachama wasio na bima. Hatua hiyo ilileta wanasheria, madaktari na wafanyabiashara ambao hawakuhitaji dola 1,000 ila walitaka undugu, na sauti ya chama katika siasa ikaanza kusikika.

## Siri, viapo na maadui

5. Je, hawa ni Freemason wa Kikatoliki?

Hapana. Kanisa lilikataza Wakatoliki kujiunga na Freemason, chama cha kidugu chenye ibada za siri, tangu mwaka 1738, chini ya Papa Klementi XII. Leo XIII alirudia katazo hilo mwaka 1884, na Roma ililithibitisha tena tarehe 26 Novemba 1983. Chama hiki kilizaliwa kuziba pengo lililoachwa na katazo hilo. Mwanaume wa New Haven aliyetaka bima ya bei nafuu na kampani ya wenzake aliikuta kwenye vyama ambavyo Kanisa halikuviridhia. McGivney alitaka ayapate hayo bila kupoteza sakramenti.

Mfanano wa nje upo kweli: madaraja, ibada za kupokea wanachama, alama, vyeo. Ndivyo vyama vyote vya kidugu vya Marekani vilivyoendeshwa wakati ule, hata vya mafundi na wakulima. Tofauti ni kwamba ahadi ya usiri haikumzuia mwanachama kumweleza padre wake jambo lolote, na kila baraza lina padre mlezi. Tangu mwaka 2020 madaraja matatu ya kwanza yanatolewa katika ibada moja ambayo familia na waamini wengine wanaweza kuhudhuria, kwa hiyo hata ule usiri wa zamani umebaki kidogo sana.

6. Na kile "kiapo" kinachosema watawaua Waprotestanti?

Ni cha kughushi. Kilisambazwa kwa vipeperushi kuanzia mwaka 1912, kikidaiwa kuwa cha Daraja la Nne, lile la uzalendo, ambalo lilianza New York tarehe 22 Februari 1900. Katika uchaguzi wa 1912 huko Pennsylvania, mgombea Mkatoliki Eugene Bonniwell alishindwa na Thomas Butler, akapeleka malalamiko kwenye Bunge la Marekani akiambatanisha kipeperushi hicho kama ushahidi wa uchafu aliofanyiwa. Malalamiko yakachapwa katika kumbukumbu rasmi za Bunge mwezi Februari 1913, na kiambatanisho chake pia.

Tangu hapo waenezaji wamekuwa wakisema, "Kimo kwenye kumbukumbu za Bunge!" Kimo ndani yake kama kielelezo cha uongo, lakini ukikata ukurasa huo peke yake sababu ya kuwekwa haionekani. Ndiyo maana picha yake bado inazunguka mitandaoni. Ukitumiwa, omba kurasa zilizotangulia.

Chama kilishitaki baadhi ya waenezaji. Mwaka 1914 huko California kilikwenda mbali zaidi: kiliwaonyesha Freemason wa ngazi za juu maandishi yake yote ya ibada, nao wakatangaza kwamba kiapo kile si cha kweli. Hata hivyo kiliibuka tena Mkatoliki Al Smith alipogombea urais mwaka 1928, na tena kwa John F. Kennedy mwaka 1960.

7. Nani hasa walikuwa maadui zao?

Mwishoni mwa karne ya 19 lilikuwapo American Protective Association, kundi lililoanzishwa Clinton, Iowa, mwaka 1887, ambalo wafuasi wake waliahidi kutompigia kura Mkatoliki. Miaka ya 1920 ikawa zamu ya Ku Klux Klan, iliyowachukia Weusi, Wayahudi na Wakatoliki kwa pamoja.

Jibu moja la Knights of Columbus linastahili kukumbukwa kuliko linavyokumbukwa. Waliunda tume ya historia iliyogharimia vitabu kuhusu mchango wa watu waliobaguliwa. Mwaka 1924 vilitoka vitatu: kimoja kuhusu Wayahudi, kimoja kuhusu Wajerumani, na cha tatu kuhusu watu Weusi, *The Gift of Black Folk*, ambacho mwanazuoni Mweusi W. E. B. Du Bois ndiye aliyekiandika.

## Vita, mahakama na serikali

8. Walifanya nini katika Vita Kuu ya Kwanza?

Hapa ndipo Wamarekani wa kawaida walipowafahamu. Marekani ilipoingia vitani Aprili 1917, chama kilichangisha fedha na kujenga kumbi za mapumziko kambini, kisha Ulaya. Mlangoni palikuwa na maandishi yenye maana ya "wote karibuni, kila kitu bure". Ndani askari alipata sigara, chokoleti, kinywaji cha moto, karatasi na bahasha za kuandikia nyumbani, na padre kwa aliyemhitaji. Wahudumu waliitwa "Caseys", kutokana na herufi K na C.

Neno "bure" lilikuwa na uzito wake. YMCA, shirika la vijana Wakristo lililokuwa kubwa zaidi, ilikubali kuendesha maduka ya jeshi, hivyo iliuza vitu, na askari waliokuwa mstari wa mbele walinung'unika kulipia sigara. Lawama hiyo haikuwa ya haki kabisa, lakini ilizijengea kumbi za Wakatoliki jina. Emmett Scott, aliyekuwa mshauri wa Wizara ya Vita kuhusu askari Weusi, aliandika baada ya vita kwamba chama hiki, tofauti na mashirika mengine ya aina yake, hakikuwabagua askari kwa rangi.

Kampeni ya pamoja ya Novemba 1918, ambamo Wakatoliki walishirikiana na YMCA, Wayahudi, Salvation Army na wengine, ilikusanya zaidi ya dola milioni 200. Fedha zilizobaki upande wa chama zilifungulia wastaafu wa vita shule za jioni na ofisi za kuwatafutia kazi.

9. Kesi ya Oregon ilihusu nini?

Novemba 1922 wapiga kura wa Oregon, huku Ku Klux Klan ikishabikia, walipitisha sheria ya kuwalazimisha watoto wa miaka 8 hadi 16 kusoma shule za serikali tu, kuanzia Septemba 1926. Maana yake shule za parokia zingefungwa. Masista wa Majina Matakatifu ya Yesu na Maria walikwenda mahakamani, na Knights of Columbus wakachangia gharama za kesi. Tarehe 1 Juni 1925 Mahakama Kuu ya Marekani iliifuta sheria hiyo, majaji wote wakikubaliana kwamba mtoto si mali ya serikali na wazazi wana haki ya kuongoza elimu yake. Hukumu hiyo, *Pierce v. Society of Sisters*, bado inategemewa hadi leo, hata na wazazi wasio na dini.

Kwa maoni yetu hili ndilo jambo kubwa zaidi ambalo fedha ya chama iliwahi kusaidia ndani ya Marekani. Haki waliyoitetea iliwalinda hata wale waliowachukia.

10. Ni kweli waliingiza maneno "under God" (chini ya Mungu) katika kiapo cha utii kwa bendera?

Walisukuma mapema, lakini hawakuwa peke yao. Aprili 1951 uongozi uliamuru mikutano ya Daraja la Nne iyatumie, kisha chama kikaliandikia Bunge mara kwa mara. Mwaka 1953 mbunge Louis Rabaut wa Michigan alipeleka azimio. Kilichosukuma mambo haraka ni mahubiri ya mchungaji Mpresbiteri George Docherty mbele ya Rais Eisenhower, Februari 1954. Rais alitia saini tarehe 14 Juni 1954.

11. Walihusikaje na Sikukuu ya Columbus?

Waliifanyia kampeni jimbo kwa jimbo; Colorado lilitangulia mwaka 1907. Mwaka 1912 mnara wa Columbus ulizinduliwa mbele ya stesheni ya Union, Washington, baada ya chama kulishawishi Bunge. Tangu 1971 sikukuu huadhimishwa Jumatatu ya pili ya Oktoba. Wenyeji wa asili wa Marekani wanasema Columbus aliwaletea utumwa na maangamizi, na mwaka 2020 sanamu zake nyingi ziliondolewa, pamoja na ile ya Wooster Square huko New Haven. Chama bado kinaitetea sikukuu. Anayetaka kukielewa asome pande zote mbili: kilio cha wenyeji ni cha kweli, na wahamiaji waliolishikilia jina hilo kama ngao nao walikuwa wakionewa.

## Waliobaki nje

12. Je, Wakatoliki Weusi walikubaliwa?

Kwa miongo mingi, karibu wasikubaliwe. Katiba haikutaja rangi, lakini kura ndiyo iliyobagua. Wajumbe wa baraza walipiga kura ya siri kwa vipira, na vipira vyeusi vitano vilitosha kumkataa mwombaji. Watu watano wenye chuki waliwashinda mia wanaomtaka, na hakuna aliyelazimika kutoa sababu. Ndiyo maana mapadre Wajosefiti, shirika linalohudumia Wakatoliki Weusi, na walei Weusi waliunda Knights of Peter Claver mjini Mobile, Alabama, mwaka 1909, chama kinachoendelea hadi leo.

Mwaka 1963 baraza moja la Chicago lilimkataa mwombaji Mweusi, na viongozi wake sita wakajiuzulu kwa kupinga. Mwaka uliofuata mkuu mpya, John McDevitt, aliitisha mkutano mkuu New Orleans. Hoteli iliyopangwa ilipokea Wazungu tu. Alitishia kuhamisha mkutano mzima, nayo ikabadili utaratibu. Mkutano huo ndio uliobadili kanuni, ikawa lazima theluthi moja ya wapiga kura wapinge ili mtu akataliwe. Weka jambo hili karibu na swali la 8: chama kilichowakaribisha askari wote kambini kiliwaachia wachache waufunge mlango nyumbani.

13. Na wanawake?

Uanachama ni wa wanaume. Wanawake waliunda vyama vyao pembeni: Daughters of Isabella, New Haven, 1897, na Catholic Daughters, Utica, New York, 1903. Mke na watoto wa mwanachama wanaweza kukatiwa bima ya chama.

## Leo

14. McGivney ni mtakatifu?

Ni Mwenye Heri. Alitangazwa tarehe 31 Oktoba 2020 katika kanisa kuu la Hartford, baada ya Roma kukubali muujiza wa mtoto aliyepona akiwa bado tumboni. Unahitajika muujiza mwingine kabla hajatangazwa mtakatifu. Mabaki yake yapo St. Mary's, New Haven, tangu 1982.

15. Ninatoka Tanzania, Kenya au Kongo na ninaishi Marekani. Naweza kujiunga?

Ndiyo, uraia si sharti. Uwe mwanaume, umetimiza miaka 18, na uwe Mkatoliki anayeishi imani yake katika umoja na Kiti Kitakatifu. Muulize paroko kama parokia ina baraza, au jisajili kwenye tovuti ya chama. Aliyejisajili mtandaoni bado hana baraza. Akitaka kushiriki kazi za parokia lazima ahamie kwenye baraza la mahali. Ada ya mwaka hupangwa na baraza, na msimamizi wake ni katibu wa fedha.

Kosa linaloumiza watu ni kudhani kadi ya uanachama ndiyo bima ya maisha. Sivyo. Bima ni mkataba wa pembeni unaokatwa kwa wakala, na bei yake hufuata umri na afya. Asiyekata, familia yake isitarajie malipo kama ya mkataba.

16. Nikiwa Afrika Mashariki?

Bima inauzwa Marekani na Kanada. Mabaraza yapo pia Mexico, Ufilipino, Poland, Ukraine, Korea Kusini, Ufaransa na kwingineko. Barani Afrika wapo ndugu zao katika muungano wa kimataifa wa vyama vya aina hii: Knights of Da Gama wa Afrika Kusini, na Knights of St. Mulumba wa Nigeria, walioanzishwa mwaka 1953 na kuchukua jina la Matia Mulumba, mmoja wa Mashahidi wa Uganda.

17. Nimeona namba baada ya jina la baraza. Ina maana gani?

Namba hufuata mpangilio wa kupewa hati. San Salvador la New Haven ni namba 1, la Mei 1882. Bunker Hill, baraza la Kennedy, ni namba 62. Siku hizi namba zinapita 16,000. Ukifuatilia historia ya babu, anza na namba, kwa sababu majina hurudiwa mji hadi mji na mabaraza huungana, lakini namba ni ya baraza moja tu. Tafuta pia kwenye tangazo la kifo gazetini na kwenye jiwe la kaburi, ambako mara nyingi huchongwa ngao yenye herufi K, of, C.